Machakos na Safari Ndefu ya Kumpata Daktari wa Upasuaji wa Watoto

Daktari wa upasuaji wa watoto ni mtaalamu ambaye, baada ya kuhitimu udaktari na kujifunza upasuaji wa jumla, huongeza miaka mingine ya mafunzo ili aweze kuwatibu kwa kisu wagonjwa ambao umri wao huanzia saa ya kuzaliwa na kuishia ujanani. Mikononi mwake huletwa mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, mtoto ambaye matumbo yake yametokeza nje kupitia ufa ulio kando ya kitovu, hali inayoitwa gastroskisisi, mtoto ambaye sehemu ya utumbo wake imeingia ndani ya sehemu nyingine na kujifunga, na pia mtoto mwenye uvimbe wa saratani kwenye figo. Namna mtaalamu wa aina hiyo anavyotafutwa, anavyoajiriwa na anavyobakizwa kazini ni jambo lenye historia yake, na katika mji wa Machakos historia hiyo haiwezi kutenganishwa na ya mji wenyewe.

Machakos, uliopata jina lake kutokana na Masaku, mtabiri na kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19, uliwahi kuwa kitovu cha utawala wa Waingereza katika sehemu za bara, mbali na pwani, kabla Nairobi haijakuwapo. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapo mwaka 1889, na John Ainsworth, aliyekishika kuanzia mwaka 1892, alikisimamia mpaka reli iliyotoka Mombasa ilipopita katika nyanda za Athi badala ya kupanda milima ya Ukambani, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahamia huko. Kwa kawaida uhamisho huo husimuliwa kama habari ya biashara na siasa, lakini ulikuwa pia na uzito mkubwa katika historia ya tiba, kwa kuwa hospitali ya wenyeji iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 ndiyo iliyokua hadi ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na kila taaluma mpya ya udaktari iliyoingia nchini ilitua kwanza pale ilipokuwa reli, benki na ofisi kuu. Machakos ilibaki umbali wa kilomita zipatazo 65 kutoka hapo. Umbali huo umekuwa mfupi kiasi cha kuwafanya wapangaji wa huduma waone kwamba mgonjwa wa Machakos anaweza kupelekwa Nairobi, na umekuwa mrefu kiasi cha kumwua mtoto mchanga aliyepoa mwili njiani. Makala haya yanashikilia kwamba ukaribu huo, kuliko umaskini wa wilaya yenyewe, ndio uliochelewesha ujio wa daktari anayezungumziwa.

Upasuaji wa mtoto haukuwa kitu kigeni Ukambani kabla ya wakoloni. Tohara, iliyofanywa katika sherehe ya nzaiko, ilikuwa kazi ya mtaalamu aliyejulikana na kuheshimiwa, aliyejifunza kwa kushika kisu mbele ya waliomtangulia, na aliyebeba lawama endapo kidonda kiliharibika. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kwa sababu linaonyesha kwamba jamii ilikwisha kuelewa kuwa si kila mwenye kisu anaruhusiwa kumgusa mtoto, na kwamba ruhusa hiyo hutokana na malezi ya kazi na wala si cheo tu. Idara ya Tiba ya kikoloni haikuwa na mawazo hayo kuhusu watoto. Madaktari wake Wazungu waliajiriwa Uingereza na kusambazwa wilayani kwa barua ya uhamisho, wakihudumia maofisa kwanza, askari na vibarua baadaye, na raia wengine kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu. Chini yao walikuwapo madaktari kutoka India, waliopewa cheo cha wasaidizi wadogo ingawa mara nyingi walikuwa ndio walioendesha kazi za kila siku, na chini yao zaidi wakawapo wauguzi wa vidonda, vijana Waafrika waliofunzwa kusafisha majeraha, kugawa dawa na kudunga sindano. Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoanzishwa kisheria mwaka 1924, yalikusanya kodi za wananchi na kugharimia zahanati, na hivyo mkulima wa Kangundo au Mbooni alianza kulipia huduma ya afya miongo mingi kabla ya kuulizwa ni daktari wa namna gani angependa kumwona.

Njia nyingine ilipitia kwa wamisionari, na hii ndiyo yenye kisa kinachostahili kusimuliwa kwa urefu. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott aliongoza kundi la kwanza la Africa Inland Mission hadi Nzaui, eneo ambalo kwa miongo mingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Machakos kabla ya Makueni kutengwa mwaka 1992, akajenga hapo kituo cha kwanza cha misheni hiyo, na akafariki kwa homa mwishoni mwa mwaka uliofuata. Misheni ilinusurika kwa shida, ikaendelea kuwa na vituo Ukambani, lakini mwaka 1903 makao yake makuu yakahamishiwa Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali palipokuwa na baridi, maji na stesheni ya reli. Hospitali ilianzishwa Kijabe mwaka 1915. Hospitali hiyo hiyo, baada ya zaidi ya nusu karne, ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya vituo vikubwa zaidi vya upasuaji wa watoto katika Afrika Mashariki: daktari Mmarekani Richard Bransford, aliyefika huko katika miaka ya 1970 akiwa daktari wa upasuaji wa jumla, aligeukia polepole watoto wenye ulemavu, wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti wa mgongo ukiwa haujafunikwa, na wenye kichwa kilichojaa maji, na kazi hiyo ikazaa shirika la BethanyKids. Kwa hiyo misheni iliyoweka jiwe lake la kwanza Ukambani ilikuja kuotesha taaluma hii upande wa pili wa Nairobi, na mama wa Kikamba aliyembeba mtoto wake kwenda Kijabe alikuwa akiifuata njia ambayo misheni yenyewe iliipita zamani ilipohama kwao.

Ni haki kusema kwamba katika miaka ya ukoloni Machakos haikukosa kitu ambacho ulimwengu mwingine wote ulikuwa nacho. Hospitali za watoto zilikuwapo Ulaya tangu zamani, ile ya Paris ikiwa imefunguliwa mwaka 1802 na ile ya Great Ormond Street mjini London mwaka 1852, lakini upasuaji uliofanywa humo uliachiwa madaktari wa watu wazima waliomwona mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Denis Browne, Mwaustralia aliyefanya kazi London, na William Ladd wa Boston ndio waliosisitiza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwamba mtoto anahitaji daktari asiyefanya kazi nyingine, na chama cha madaktari wa fani hiyo Uingereza kiliundwa mwaka 1953 tu. Barani Afrika, Hospitali ya Watoto ya Red Cross ilifunguliwa Cape Town mwaka 1956, ambako Jannie Louw alikuwa akichunguza kwa nini baadhi ya watoto huzaliwa utumbo ukiwa umeziba, na Nairobi ilikuwa imepata hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden tangu mwaka 1947. Katika Uganda, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa jumla katika hospitali ya Mulago, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unabeba jina lake, na kazi yake ni ushahidi kwamba macho ya daktari aliyeko Afrika Mashariki yaliweza kuona katika mwili wa mtoto kitu ambacho vitabu vya London havikuwa nacho.

Baada ya uhuru, Machakos ilipata sifa ya kimataifa katika afya ya watoto, ingawa si kwa upasuaji. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kenya na Uholanzi waliendesha kaskazini mwa wilaya uchunguzi wa muda mrefu uliojulikana kama Mradi wa Machakos, wakitembelea kaya zilezile mara kwa mara, wakiandika kila ujauzito, kila kuzaliwa, kila kifo, kila mlipuko wa surua na kifaduro, na matokeo yake yalikusanywa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1984 chini ya uhariri wa J. K. van Ginneken na A. S. Muller. Ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya mashambani Afrika Mashariki ambayo watoto wake walihesabiwa kwa uangalifu zaidi wakati huo. Hata hivyo maswali ya uchunguzi huo yalikuwa ya maambukizi, lishe na uzazi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoua wengi, na chanjo ilikuwa jibu lililoweza kubebwa kwa kisanduku cha barafu hadi kijijini. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini ulikuwa na kivuli chake: mtoto aliyezaliwa nyumbani akiwa na utumbo ulioziba, akatapika siku tatu na kuzikwa ya nne, alihesabiwa miongoni mwa vifo vya watoto wachanga bila ugonjwa wake kupewa jina, na ugonjwa usio na jina hauombewi bajeti wala daktari. Kadiri chanjo zilivyopunguza vifo vya surua, ndivyo vifo vinavyotibika kwa kisu vilivyoanza kuonekana, kama mawe yanavyojitokeza mtoni maji yanapopungua.

Utaratibu wa kuajiri madaktari katika miaka hiyo ulikuwa wa serikali kuu. Tume ya Utumishi wa Umma iliajiri, Wizara ya Afya ilipanga, na daktari alipokea barua iliyomtaja mji. Shule ya Tiba ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1967, iliongeza idadi ya Wakenya katika kazi ambayo awali Waafrika wake walilazimika kusomea Makerere, na shahada ya uzamili katika upasuaji ikaanza kutolewa humo humo nchini. Mafunzo hayo yalifanyika Hospitali ya Kenyatta, na hapa ndipo lilipo fundo la habari yote. Daktari anayejifunza upasuaji wa watoto huhitaji wagonjwa wengi wa aina moja ili mkono wake uzoee, hivyo wagonjwa hao hukusanywa penye mwalimu; mwalimu naye huhitaji kukaa penye wagonjwa na wanafunzi, hivyo hawezi kuhama; na mwanafunzi, baada ya kuzoea vifaa, wenzake na mashauriano ya mji huo, huona kwamba kupelekwa kwingine ni kunyang'anywa nusu ya ujuzi wake. Kwa daktari wa Machakos jambo lilikuwa rahisi zaidi na kwa hiyo gumu zaidi kulizuia, kwa kuwa angeweza kuhamia Nairobi bila hata kuihama familia yake.

Inafaa kueleza kwa nini daktari huyo hawezi kufanya kazi peke yake, maana matangazo mengi ya ajira huandikwa kana kwamba anaweza. Mtoto mchanga ana damu ipatayo mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake ni kwamba mtoto wa kilo tatu ana mililita 240 hivi, pungufu ya chupa ndogo ya soda, na kiasi cha damu ambacho daktari wa watu wazima angekifuta kwa kitambaa bila kukihesabu huweza kuwa sehemu ya kumi ya uhai wake. Mtoto huyo hupoa upesi kwenye meza ya upasuaji. Njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija wa kunywea. Dawa ya usingizi hupimwa kwa sehemu ndogo za mililita. Na baada ya kushonwa hawezi kunyonya kwa siku au majuma kadhaa, hivyo lazima alishwe kupitia mshipa. Kwa sababu hiyo ajira ya daktari mmoja wa upasuaji wa watoto ni, kwa kweli, ajira ya mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, ya wauguzi wa chumba cha watoto wachanga walio macho usiku kucha, ya mtaalamu wa picha za ndani ya mwili, ya maabara inayoweza kupima tone la damu badala ya kijiko, na ya daktari wa pili wa fani ileile, kwani mtu mmoja anayeitwa kila usiku wa mwaka hudumu muda mfupi. Kijabe ilielewa hilo mapema, ikawafunza pia wauguzi wake kutoa usingizi, na hilo lilichangia kuifanya kituo cha mafunzo pamoja na kuwa kimbilio la wagonjwa.

Mabadiliko ya pili yalitoka nje ya vyuo vikuu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kifahamikacho kwa kifupi cha COSECSA na chenye makao Arusha, kilianzishwa mwaka 1999 na kuchagua kufundisha bila majengo yake yenyewe: mwanafunzi hubaki akifanya kazi katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, husimamiwa na daktari aliyeko hapo, na hutahiniwa kwa mtihani mmoja wa kanda nzima. Upasuaji wa watoto ukawa mojawapo ya fani zake, na daktari kutoka Kanada, Dan Poenaru, alikuwa miongoni mwa waliojenga mafunzo hayo Kijabe. Wazo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mji wa ukubwa wa Machakos, kwa sababu lilivunja dhana kwamba mafunzo ya ubingwa hayana budi kufanyika mji mkuu. Eldoret ilitoa mfano wa namna nyingine: Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa vilijenga taaluma kwanza, na Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa, hospitali ya umma iliyofunguliwa Agosti 2015 kwa michango iliyoongozwa na mkimbiaji Toby Tanser, ikaja kusimama juu ya msingi uliokuwapo. Hospitali ya kufundishia, yaani ile ambayo kutibu, kufundisha na kutafiti hufanywa na watu walewale, humvuta mtaalamu kwa kitu ambacho mshahara pekee hauwezi kukinunua, nacho ni wanafunzi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi hospitali za ngazi za chini ya taifa kwa kaunti 47, na tangazo la Agosti 2013 likahamisha shughuli hizo rasmi. Hospitali ya Machakos ilikuwa miongoni mwa hospitali za ngazi ya tano, yaani za rufaa zilizo chini tu ya zile za taifa, ikipokea madaktari wa mafunzo kazini, na chuo cha mafunzo ya tiba mjini humo huandaa wauguzi na matabibu. Kwa hiyo nusu ya sifa za hospitali ya kufundishia ilikuwa nayo tayari. Kuanzia hapo aliyemtafuta daktari hakuwa tena mkurugenzi wa Nairobi, bali Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ambayo hutangaza nafasi, huwahoji waombaji na hupendekeza malipo ndani ya bajeti ya watu 1,421,932 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki kwa wananchi, lakini yaligawanya soko dogo sana la wataalamu katika milango 47, kila mmoja ukibisha hodi kwa watu walewale wachache, na daktari aliyeajiriwa na kaunti moja alipoteza ule uhakika wa zamani kwamba cheo chake na uhamisho wake vinatambulika nchi nzima.

Matokeo yalionekana haraka. Mkataba wa pamoja uliotiwa sahihi Juni 2013 kati ya serikali na chama cha madaktari ulibaki bila kutekelezwa, na mgomo ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100. Kabla ya hapo, mwaka 2015, serikali kuu ilikuwa imeanza kukodi mitambo kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za taifa, ikiwa ni pamoja na vifaa vya vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi, na malalamiko yaliyofika hadi Seneti yalionyesha kwamba mahali pengi mashine zilifika kabla ya mikono ya kuziendesha. Mwaka 2018 madaktari 100 kutoka Kuba waliletwa kujaza mapengo ya ubingwa katika kaunti, mpango uliokoma mwaka 2023. Hatua hizi mbili, mashine za kukodi na madaktari wa kuazima, zilitokana na nia njema, nazo ziliwafaa wagonjwa wengi. Lakini zote zilishughulikia upungufu kama kitu cha kununuliwa, ilhali upasuaji wa watoto, kwa kila ushahidi uliopo, ni kitu cha kulelewa.

Ulinganisho wa kimataifa uliotolewa mwaka 2021, uliofuatilia watoto 3,849 katika hospitali 264 za nchi 74, uligundua kwamba miongoni mwa watoto waliozaliwa na kasoro saba za tumbo na utumbo, vifo vilikuwa asilimia 39.8 katika nchi maskini, 20.4 katika nchi za kipato cha kati na 5.6 katika nchi tajiri. Tofauti hiyo haielezwi na ustadi wa mshono peke yake. Mtoto mwenye gastroskisisi anayezaliwa asubuhi Masinga hupitia zahanati, kisha hospitali ya kaunti ndogo, kisha Machakos mjini, kisha ambulansi inayoteremka hadi njia panda ya Kyumvi na kuingia katika msongamano wa malori ya barabara ya Mombasa, na katika kila kituo hupoteza joto na maji ya mwili ambavyo daktari wa mwisho, awe bingwa namna gani, hukuta vimekwisha kutoweka.

Kwa sababu hiyo ajira yenye matumaini zaidi katika kaunti kama Machakos huanza muda mrefu kabla ya tangazo la gazetini, pale daktari kijana wa hospitali hiyo anapoomba likizo ya masomo. Kaunti humlipa mshahara akiwa masomoni, naye hutia sahihi dhamana ya kurudi na kutumikia idadi ya miaka iliyokubaliwa. Miaka hiyo ya masomo ndiyo ambayo hospitali inapaswa kuitumia: kumpeleka muuguzi mmoja kujifunza usingizi wa watoto, kutenga kona ya chumba cha upasuaji inayoweza kupashwa joto, kuagiza mirija midogo ya hewa na sindano za kipimo cha watoto wachanga, kuandika katika muundo wa utumishi nafasi ya pili ya fani hiyo, na kupatana na chuo au na COSECSA kuhusu ukaguzi wa mafunzo. Akirudi akikuta hayo yamefanyika, ana mahali pa kuanzia kazi Jumatatu. Akirudi akikuta chumba cha upasuaji kimepangwa kwa ajili ya upasuaji wa uzazi na mivunjiko ya ajali za barabarani siku zote saba, atawapa rufaa wagonjwa aliowasomea, atamaliza miaka ya dhamana yake kwa kukata henia, na barabara ya kwenda Nairobi ni ileile ya kilomita 65.